Saa ya mkono kwa safari ndefu za baiskeli, namna ya kuichagua ukiwa Malindi

Nianze na siku simu iliponizimikia. Nilikuwa natoka Malindi naenda Garsen, kama kilomita 110 hivi, Gongoni na yale mashamba ya chumvi nishayaacha nyuma, jua la utosi, simu iko kwenye kifuko juu ya usukani ndio ramani ndio saa, mara skrini ikaandika joto limezidi ikajizima. Nikaitia ndani ya mkoba nikasema ikipoa itawaka, ikawaka kweli, ikanionyesha chaji imebaki kidogo halafu ikafa moja kwa moja. Basi kuanzia hapo sikujua ni saa ngapi. Utasema si ungetizama jua, nililitizama sana, lakini jua la huku kwetu lina udanganyifu wake, unaliona bado liko juu unapumzika chini ya mwembe, unakunywa maji, unapiga stori na wenyeji wanakuuliza wapi unaenda na baiskeli peke yako, ukija kushtuka kivuli chako kimekuwa mara tatu yako. Niliingia Garsen magharibi ishaadhiniwa zamani, giza, taa sikubeba kwa sababu sikupanga kuendesha usiku, na malori yanapita na upepo wake. Kile kipande cha mwisho nilikiendesha roho mkononi.

Tangu siku hiyo sitoki bila saa ya mkono, na nimekuwa mtu wa kuulizwa na wenzangu tunaoendesha pamoja nunue gani, nunue gani. Jibu langu refu ndio hili hapa.

Hatua ya kwanza: ujue saa unaitakia kazi gani

Hapa ndo watu wengi wanaruka, wanaenda dukani moja kwa moja wanaangalia ipi inang'aa. Safari ndefu ya baiskeli saa ina kazi tatu tu za maana: kukwambia mchana umebaki kiasi gani, kukukumbusha kunywa maji na kula kabla mwili haujaanza kulalamika, na kukupa mwendo wako.

Ya mchana ndo kubwa. Sisi tuko karibu sana na ikweta, Malindi iko nyuzi 3 tu kusini, kwa hiyo mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, lakini saa ya kuzama jua inasogea. Mwezi wa kumi na moja jua linazama kama saa 12 na dakika 10 jioni, mwezi wa pili linafika saa 12 na dakika 40. Nusu saa nzima hiyo, kwa mwendo wa mzigo ni kilomita 7 au 8. Na likishazama usitegemee kale kamwangaza ka kudumu, dakika 20 hivi giza limeshashika. Mi kanuni yangu ni kwamba saa 11 jioni niwe nishafika ninapolala, au nionane na mahali pa kulala kwa macho. Ukielekea Lamu hili si la hiari. Kipande cha Garsen kwenda Witu mpaka Mokowe, pale pa kupandia boti ya Lamu, kina pori refu na kimewahi kuwa na mashambulizi, kwa hiyo uliza polisi hali ikoje kabla ya kuendelea, endesha mchana tu, na mchana unaujua kwa saa.

Ya mwendo watu wanadhani lazima uwe na kompyuta ya baiskeli, si lazima. Tafuta vibao vya kilomita barabarani, bonyeza stopuwochi kwenye kimoja, uizime kwenye kinachofuata, halafu gawanya 60 kwa dakika ulizopata. Kilomita moja kwa dakika 4 ni kilomita 15 kwa saa, dakika 5 ni 12, dakika 6 ni 10. Basi. Nimeshafanya hivi kati ya Gede na Matsangoni nikagundua kusi inanipiga usoni vibaya kuliko nilivyodhani, nilikuwa najiona naenda 15 kumbe naenda 11, na kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, piga hesabu mwenyewe, tofauti ni zaidi ya masaa mawili na nusu. Siku hiyo nililala Kilifi badala ya kung'ang'ana, na ni stopuwochi ndo ilinishauri. (Kwa wasiojua, kusi inavuma toka kama mwezi wa nne mpaka wa kumi, inakusukuma ukienda Lamu na inakuzuia ukienda Mombasa, kaskazi ni kinyume chake. Panga safari yako na upepo kama manahodha wanavyopanga, baiskeli yenye mikoba nayo ina tanga lake.)

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote kingine saa iwe inasomeka kwa jicho moja la haraka, na iwe na stopuwochi au angalau mshale wa sekunde.

Hatua ya pili: nguvu inatoka wapi

Ziko za aina nne na nitasema wazi ipi naipenda.

Kuna za kuchaji, hizi za kisasa zenye GPS, zinakupa mwendo, mapigo ya moyo, njia, kila kitu. Ni nzuri na siwakatazi watu, ila kumbuka ukiwasha GPS siku nzima chaji inaliwa, na wewe tayari una simu na taa na pengine benki ya chaji moja ya kugawana. Ukilala mahali stima imekatika asubuhi una bangili. Kama unayo, njoo nayo, lakini isiwe ndo saa yako ya pekee.

Kuna za kujijaza kwa mkono unavyotikisika, automatiki, kama zile Seiko 5 ambazo zipo tangu 1963 na wazee wengi wa huku unawaona nazo. Nazipenda kwa moyo wote, babu yangu alikuwa nayo na mpaka leo inatembea, lakini kwa safari ya baiskeli zina mambo mawili. Inaweza kukimbia au kuchelewa sekunde kadhaa kila siku, wakati mwingine nusu dakika, ukikaa wiki mbili njiani umeshapotea dakika kadhaa, si janga lakini ujue. La pili ni mitikisiko, ukiingia barabara ya vumbi yenye mikunjo mikunjo kama bati, mfano ile ya kupanda Marafa, masaa mazima mkono unatetemeka juu ya usukani, vile vigurudumu vidogo vya ndani havikutengenezewa hiyo adhabu.

Kuna za mwanga, solar, Citizen wanaziita Eco-Drive na Casio wana za kwao. Kwa Pwani hii ni karibu na neema, jua tunalo la kugawa. Shida yake moja tu, ukiwa mtu wa kuvaa mikono mirefu kujikinga na jua saa inashinda gizani, basi ukipumzika ivue uiache ile mwanga kivulini, sio juani kali juu ya jiwe, joto linaua betri yake ya ndani.

Na kuna za betri ya kawaida, kwatzi, kale kajiwe kanakotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, ndo maana mitikisiko ya barabara haikashtui. Casio F-91W ambayo ilitoka 1989 inatumia betri ya CR2016 na inakaa kama miaka 7. Miaka saba ndugu yangu. Hii ndo aina ninayomshauri mtu anayeanza, manake ni kitu unachokisahau mkononi na kazi inaendelea. Ikifa njiani CR2016 na CR2025 si ngumu kupata mjini, ila usiokote ya kwenye karatasi iliyofifia kwa jua dukani, betri ikikaa sana kwenye joto inakufa kabla haijatumika. Mi nabeba moja ya akiba imefungwa kwenye nailoni ndani ya boksi la viraka vya pancha.

Hatua ya tatu: maji, chumvi, jasho

Hapa nimeunguza pesa yangu kwa hiyo nitakaa kidogo.

Saa yangu ya kwanza ilikuwa imeandikwa nyuma 30M. Nikaelewa kama mtu yeyote angeelewa, mita thelathini, mi sizami hata mita tatu, nikaingia nayo baharini Watamu baada ya kuendesha toka asubuhi, raha mustarehe. Jioni ndani ya kioo kuna ukungu, asubuhi namba nusu zimefutika. Fundi saa mmoja wa mjini alipoifungua akanionyesha kutu ya kijani kwenye sehemu ya betri, akatikisa kichwa tu.

Ile namba si kina unachoruhusiwa kuzama. Ni presha waliyoipima saa ikiwa mpya, imetulia, maji hayagongi. 30M, au wakiandika 3 bar, maana yake mvua ya kawaida, jasho, kunawa mikono, basi. 50M unaweza kuogelea kidogo. 100M ndo kuogelea kwa kweli na masika ya mwezi wa tano yakikushika njiani hayakuhusu. 200M ni ya kupiga mbizi, hatuihitaji lakini haidhuru. Kwa mtu wa Malindi au Lamu ambaye safari yake haiwezi kuisha bila kutia miguu baharini, mi nasema anzia 100M. Na hata hiyo usibonyeze vitufe ikiwa chini ya maji, kile kitufe ndo mlango.

Halafu kuna oringi, ile raba nyembamba ndani ya mfuniko wa nyuma ndo inazuia kila kitu. Ikizeeka inakauka na kupasuka. Saa ikifunguliwa kubadilisha betri mwambie fundi aitizame, aisafishe, aipake mafuta ya silikoni, asiirudishe imekunjika. Mafundi wengi wa kibandani hawana mashine ya kupima presha na si kosa lao, kwa hiyo saa iliyofunguliwa kibandani mi naihesabu ni ya mvua tu mpaka ipimwe.

Chumvi nayo ni adui wa polepole. Ya bahari na ya jasho ni chumvi ileile, inakauka ikiwa fuwele ndogo ndogo kwenye vitufe na kwenye pini za mkanda, ndo unakuta kitufe kigumu hakibonyezeki. Kila jioni ukifika, maji ya baridi yasiyo ya chumvi na mswaki wa zamani, dakika moja tu. Visima vingi vya huku maji yake yana chumvi chumvi, basi tumia hata funda la maji ya kunywa yaliyobaki kwenye chupa.

Hatua ya nne: unaisomaje bila kuachia usukani

Hili hutalisikia dukani kwa sababu muuza saa haendeshi. Tizama aina ya usukani wako. Kama ni ulionyooka, ule wa baiskeli za milimani, kiganja kinaangalia chini na mgongo wa mkono uko juu, saa ivae kawaida na utaisoma. Kama ni usukani wa kujikunja wa mbio, au ule wa baiskeli ya Black Mamba unaorudi nyuma kwako, viganja vinaangaliana, saa ya kawaida inaangalia pembeni kwa wenye mabasi wanaokupita, wewe huioni mpaka uinue mkono. Izungushe ikae upande wa dole gumba au ndani ya kifundo. Inaonekana ajabu siku ya kwanza, siku ya pili umezoea.

Kuinua mkono kwa sekunde mbili si kitu kidogo, pale kwenye daraja la Sabaki upepo wa pembeni ulishanisogeza mpaka karibu na reli, mkono mmoja usingetosha.

Kuna wanaoifunga saa kwenye usukani wenyewe. Kata kipande cha tyubu ya zamani ukizungushe ili usukani uwe mnene kidogo, ndo ufunge mkanda juu yake, haitazunguka. Ni njia nzuri sana kwa kusoma, na mkono unabaki hauna alama nyeupe ya kuchekwa na ndugu, ila usisahau kuivua ukiingia hotelini kunywa chai. Haya mambo si mapya wala, mwisho wa karne ya 19 waendesha baiskeli walikuwa wanatia saa ya mfukoni ndani ya kifuko cha ngozi na kuifunga mkononi, kwa sababu hiyohiyo, huwezi kuchomoa saa mfukoni na unaendesha.

Sasa ile ncha ya kuzungushia mishale. Kwenye saa kubwa yenye ncha nene, ukiinamia usukani mkono unakunjika na ncha inakuchoma mgongo wa kiganja, masaa sita baadaye una kidonda. Jaribu dukani, shika ukingo wa meza kama unashika usukani uegemee. Ikikugusa tu, iache. Hii peke yake ndo inafanya nisipende masaa makubwa, hata ziwe nzuri vipi. F-91W ina uzito wa gramu 21, ukiwa nayo kama huna.

Usiku taa. Saa ya namba ya bei ya chini mara nyingi taa yake inamulika kona moja tu, F-91W iko hivyo, unaona namba ya kwanza vizuri na ya mwisho unakisia. Ziko zinazowaka uso mzima, Timex walileta ya kwao ya Indiglo 1992 na sasa wengi wanayo. Mishale ya kung'aa yenyewe inataka ipate mwanga kwanza, inang'aa jioni ikifika alfajiri imefifia. Kama wewe ni wa kutoka saa 10 usiku kukimbia jua, lipia taa nzuri.

Hatua ya tano: mkanda

Ngozi hapana. Jasho la Pwani mwezi wa tatu litaiozesha na itanuka mpaka wewe mwenyewe uikimbie. Chuma kinapasha joto na kinavuta vinyweleo. Raba na plastiki laini zinaoshika, hazinyonyi maji, ila zikibana zinaleta vipele, na plastiki nyingi baada ya miaka kadhaa ya jua na chumvi zinakatika pale kwenye matundu, kwa hiyo kunja uangalie kama kuna nyufa kabla ya safari.

Mi natumia wa nailoni wa kipande kimoja, ule unaopita chini ya saa yote. Uzuri wake, pini moja ikichomoka saa bado inaning'inia kwenye ile nyingine, haidondoki. Wenzangu wameokota saa vipande vipande kwenye lami kwa ajili ya pini ya shilingi chache. Pima upana wa pale mkanda unapoingia, mara nyingi ni milimita 18, 20 au 22, usinunue kwa macho. Na usiufunge ukakaza, mkono unavimba kwa joto, kidole kimoja kipite chini yake.

Hatua ya sita: kioo na mchanga

Fupi. Mchanga wa pwani una chembe za kwatzi ndani yake na hizo ni ngumu kuliko kioo cha kawaida, ndo maana saa ya mtu wa ufukweni ina mikwaruzo haraka. Plastiki inakwaruzika zaidi ila haipasuki, na mikwaruzo midogo unaisugua kwa dawa ya meno na kitambaa inaondoka. Kioo cha safaya hakikwaruzwi na mchanga lakini bei yake ni nyingine na kikigongwa vibaya kinavunjika. Kwa baiskeli bora plastiki, au saa ambayo kingo zake zimeinuka kuliko kioo. G-Shock zimejengwa hivyo, yule mhandisi wao Kikuo Ibe alikuwa amevunja saa aliyopewa na baba yake, akataka saa itakayoanguka mita 10 isife, na ya kwanza ikatoka 1983. Ukianguka na baiskeli mkono ndo unatangulia chini, kwa hiyo hadithi yake si ya matangazo tu.

Hatua ya saba: alamu, na saa zetu za Kiswahili

Alamu moja inatosha kuamka. Lakini njiani nataka nyingi. Casio AE-1200WH ina alamu 5, ina 100M na betri yake wanaihesabu miaka 10, na mi nilivyoona tano nikajua hapo hapo nitazitumia vipi, swala tano. Hata msafiri anayechanganya adhuhuri na alasiri anahitaji kujua wakati umeingia akiwa katikati ya pori ambapo hasikii adhana ya msikiti wowote. Asiyeswali aziweke kwa chakula. Kasoro yake ramani ya dunia imekula nafasi, namba zenyewe ni ndogo, macho yakiwa hafifu nunua nyingine.

Ile milio ya kila saa, pi pi, watu wanaizima wanasema kelele. Iwashe. Kila ikilia kunywa, uwe na kiu usiwe na kiu, na kama saa yako ina taima ya kujirudia weka dakika 20, ni bora zaidi. Kwa joto la huku ukingoja kiu umeshachelewa.

Sasa utamu wa mambo. Sisi tukitazama saa ya mishale tunasoma upande wa pili, mshale mfupi uko kwenye 9 tunasema saa tatu bila hata kufikiri. Saa ya namba ikiwa kwenye mfumo wa masaa 24 unatoa 6, 15:00 ni saa tisa, na usiku, kabla haijafika 00:00, unatoa 18, 19:00 ni saa moja. Ukiwa umechoka, njaa, jua limekupiga, hiyo hesabu ndogo inakosewa, na pale Mokowe ukaagana vibaya na mwenye boti. Dawa yake hii: kwenye saa yenye saa za dunia, weka mji wa pili uwe Buenos Aires, ule wa Argentina. Kule wako nyuma yetu masaa 6 kamili na hawabadilishi saa zao kwa majira, kwa hiyo ukiweka mfumo wa masaa 12 inasoma Kiswahili safi mchana na usiku. Kwetu 9:00 asubuhi, kwao 3:00, saa tatu. Nilivyoigundua hii nilicheka peke yangu barabarani.

Ukivuka mpaka, Tanzania na Uganda ni saa moja na sisi. Rwanda, Zambia, Malawi na Msumbiji unarudisha nyuma saa moja. Irekebishe mpakani palepale kabla hujapanda baiskeli.

Na ule ujanja wa kutafuta kaskazini kwa mshale wa saa na jua, usiutegemee huku. Jua letu mchana linapita karibu na utosi, na Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa, haliko kaskazini wala kusini, saa haina la kukwambia. Beba dira.

Hatua ya nane: dukani

Feki ziko nyingi, na sisemi feki haifanyi kazi, wakati mwingine inafanya, ila 100M yake ni rangi tu. Nyuma pawe pamechongwa, si pamepigwa muhuri unaofutika kwa kucha, na namba ndogo ya mashine iliyo ndani ya kaboksi ilingane na ya kwenye kitabu. F-91W ukishikilia kitufe cha kulia sekunde tatu namba zinageuka kuwa CASIo, feki nyingi haziwezi, ingawa zipo zilizoiga hata hiyo. Bonyeza kila kitufe mara kumi. Kama muuzaji hataki ubonyeze, aga kwa heshima uondoke.

Usinunue ya ghali kiasi kwamba ukilala mahali pageni unaificha chini ya mto. Nataka saa ambayo naweza kumwazima mtoto wa mwenyeji wangu achezee taa yake jioni nzima nikala kwa amani.

Hatua ya tisa: ijaribu kabla

Ukishanunua usiondoke nayo kesho yake. Iweke sawasawa na saa ya simu, iache wiki moja, tizama imekimbia au imechelewa sekunde ngapi, ya kwatzi isizidi sekunde chache. Halafu nenda nayo Gede na urudi, kama kilomita 30 kwenda na kurudi, na mzigo kama wa safari, mchana wa jua si asubuhi ya ubaridi. Ukiwa unaendesha jiulize mara kwa mara ni saa ngapi na utizame, kama kila mara unalazimika kuinua mkono au kukunja macho, rudi hatua ya nne. Ukirudi nyumbani vua, tizama ngozi, pana alama nyekundu? Legeza au badili mkanda. Tia kwenye bakuli la maji nusu saa, toa, weka karibu na taa yenye joto kidogo, ukungu ukitokea ndani ya kioo irudishe dukani siku hiyohiyo na risiti.

Ikipita yote hayo, weka alamu saa 10 na nusu alfajiri, jaza chupa usiku, na taa ya baiskeli ifunge kabisa kabla ya kulala, hata kama umepanga kufika saa 11.